Jamanda la Vitu vya Mdogo Wangu

Vichezeo vya mdogo wangu viligawanywa namna tatu: vinavyobingirika, vinavyovunjika na vinavyochoma. Mgawanyo huu haukuwa wangu, ulikuwa wa mama, na yeye aliupata wapi sijui, maana hakuwa mtu wa maelezo. Alisema tu kwamba ukishajua kitu kitakufanya nini ukikikanyaga, umeshajua pa kukiweka. Vinavyobingirika ni komwe za bao, gololi, na pia ya kuzungusha kwa uzi. Vinavyovunjika ni makoa ya pwani, yale maganda ya konokono wa baharini, na vigae vya sahani ambavyo watoto walivifanya masahani yao ya kuchezea. Vinavyochoma ni vijiti vilivyochongwa, vijingarawa vya karara la mnazi vyenye mlingoti, na misumari ya kutu ambayo mtoto wa kiume akiiona njiani haachi kuiokota hata umpige.

Kulikuwa na fungu la nne ambalo halikuwa na jina. Humo mlikuwamo jiwe moja jeupe, kifungo cha kanzu ya baba, kokwa la fenesi lililokauka na kipande cha mnyororo usiojulikana ulitoka wapi. Vitu hivi havikuwa na mchezo wowote. Mama alivihifadhi kuliko vyote. Alisema mtoto akipoteza pia atachongewa nyingine, lakini akipoteza jiwe lake hakuna fundi wa kumchongea jiwe.

Vyote hivi vilikaa katika jamanda, lile kapu la duara lenye mfuniko wake, ambalo mama alilisuka mwenyewe kwa ukili mweupe na wa zambarau. Ndani yake mlikuwa na vikoba vinne vidogo, kimoja kwa kila fungu. Jamanda lilitundikwa kwenye kigingi ukumbini, usawa ambao mimi naufikia na mdogo wangu haufikii. Nyumba yetu pale Kengeja ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili, ukumbi, jiko uani na baraza mbele, na kitu kikilala sakafuni katika nyumba ya namna hiyo lazima mtu atakikuta kwa mguu.

Lakini jamanda halikusukwa kwa ajili ya miguu ya watu. Lilisukwa kwa ajili ya karafuu. Msimu wa mchumo, uwanja wetu wote ulitandikwa majamvi ya karafuu za kuanikwa, na watoto walikatazwa hata kupita karibu. Mwaka mmoja, mimi nikiwa mdogo na ndiye mwenye makosa, komwe mbili zilikutwa katika gunia la baba huko alikokwenda kuuza. Mnunuzi alizishika kwa vidole viwili mbele za watu, akauliza kama karafuu za Kengeja siku hizi zinazaa komwe. Baba alirudi nyumbani asimpige mtu wala asigombe. Alimhadithia mama mara moja tu, akaenda kuoga. Siku ile ile mama akaanza kusuka, na mdogo wangu alipozaliwa akalirithi jamanda pamoja na vilivyomo.

Mama alifariki nikiwa na miaka tisa au kumi. Hatukuwa watu wa kuhesabu. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Tulikuwa sisi wawili tu, na baba. Watu walimwambia baba aoe, naye akasema ataangalia, na akawa anaangalia mpaka wakachoka kumwambia. Kazi za nyumbani zikawa zangu.

Nilizifanya zote. Niliteka maji, nikatwanga, nikapika muhogo asubuhi na ndizi jioni, nikafua. Hakuna kilichoniuma wala kilichonifurahisha. Niliingiwa na ganzi mwili mzima na nikadhani ndivyo mtu anavyokuwa akikua. Majirani walinisifu, wakasema mtoto huyu Mungu kampa subira. Haikuwa subira. Subira ni ya mtu ambaye kitu kinamuuma akakivumilia, na mimi ukinichoma mwiba nilikuwa nautazama tu.

Palikuwa na wakati mmoja tu wa siku niliokuwa nikiuona kwamba ni wangu, nao ni baada ya alasiri, tulipokaa ukumbini mimi na mdogo wangu kurudisha vitu. Yeye alimwaga vyote asubuhi, nikishamteremshia jamanda, na alasiri lazima virudi. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Nikishika kitu juu namuuliza kitafanya nini, na yeye ajibu.

"Hiki je?"

"Chabingirika."

"Na hiki?"

"Chachoma. Kilinchoma jana, dada, hapa, tizama."

Alikuwa mtoto wa kubishana. Koa moja la duara alilitia kila siku katika kikoba cha vinavyobingirika, nami kila siku nikalitoa, mpaka siku moja akaliviringisha kutoka mlangoni mpaka chumbani kwa baba kunionesha kwamba haki ni yake. Nikalihamisha. Siku nyingine aliniuliza yeye mwenyewe atiwe kikoba gani. Nikamwambia cha vinavyochoma, maana asubuhi ile alikuwa ameniuma mkono. Alicheka akalala chali sakafuni.

Mtoto yule alikuwa wangu. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walinieleza kwa upole kwamba mtoto ni wa ukoo, si wa mtu mmoja. Sawa. Lakini ni mimi niliyemtafunia ndizi, na ni mimi aliyenishika nguo kila nilipokwenda kisimani. Nilitaka abaki nyumbani kwetu. Sikuwa na haja nyingine yoyote duniani, na hata hiyo sikuijua kuwa ni haja mpaka alipotokea wa kumtaka.

Aliyemtaka ni shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Kisiwa Panza. Alikuwa mwanamke wa kazi, mikono migumu kwa kusokota kamba za makumbi ya nazi, na hakujaaliwa mtoto. Alikuja kututazama mwaka wa tatu tangu mama afariki, mwezi wa Mfunguo Mosi, baada ya Idi, asubuhi, wakati mimi niko kisimani na mdogo wangu ameshamwaga dunia yake yote ukumbini. Alipoingia tu kutoka kwenye jua akakanyaga kigae. Niliporudi na mtungi kichwani nikakuta damu sakafuni, na shangazi amekaa mkekani akijifunga mguu kwa kitambaa.

"Nyumba hini haina mtu," akasema, wala hakusema kwa hasira. "Mtoto alelewa na mtoto mwenziwe."

Nilimwomba radhi. Nikampigia magoti nikamwosha mguu. Akanipapasa kichwa akaniita mwanangu, na mkono wake ulinikwaruza. Hakuwa mtu mbaya, na hili nalisema mapema ili asije mtu akamtafutia ubaya. Jioni, baada ya sala ya magharibi, walikaa barazani yeye na baba, nami niko ndani ya mlango napepeta mchele. Nikamsikia akimwambia:

"Nipa huyu mwana, ndugu yangu. Mie Mungu hakunijaalia. Wasema asiye na mwana aeleke jiwe, na mie mawe nshachoka kuyaeleka. Ntamlea. Ntamtia chuoni. Na huyu binti naye apate kupumua, keshakuwa kizee kabla ya siku zake."

"Nimesikia, dada," baba akasema.

"Basi ntarudi Ijumaa ya pili."

Hapo lazima nieleze kitu ambacho mimi wakati ule sikukijua. Kwetu, katika ukoo wa baba, ndugu akikuomba mtoto wa kumlea humjibu kwa mdomo. Kumnyima ndugu mtoto kwa mdomo ni kukata udugu, na kumtoa kwa mdomo ni kumfanya mtoto bidhaa. Kwa hiyo mwombaji huenda zake, akarudi Ijumaa ya pili. Akikuta mkeka umetandikwa na chakula kimepikwa, ataingia, atakula, atazungumza habari za mvua, na atarudi kwake akijua kwamba hakupewa, na hapana aliyeaibika. Lakini akikuta vitu vya mtoto vimefungwa vimewekwa barazani, nje ya mlango, basi amepewa. Hatoingia ndani wala hatokula, isije ikaonekana amekuja kubadilishana. Atasema Bismillahi, atavichukua vitu na mtoto, atakwenda.

Wakubwa wote waliijua ada hii, na kwa sababu waliijua wote hawakumwambia mtoto yeyote. Watu husema kuuliza si ujinga. Lakini hao hao ukiwauliza watakwambia ondoka hapa, wakubwa wanazungumza.

Mimi nililoshika katika maneno ya shangazi ni kigae. Nilifikiri hivi: amekanyaga kigae, akaona nyumba haina mtu, ndiyo maana amemtaka mtoto. Basi akija Ijumaa ya pili akakuta vitu vyote viko mahali pake, ataona kwamba nyumba ina mtu, na mtu mwenyewe ni mimi. Hata leo nikiyapima mawazo yale siyaoni kuwa ya kijinga. Yalikuwa mawazo ya mtu ambaye hakuambiwa.

Nilikuwa na siku kumi na kitu. Nilivifumua vile vikoba vinne nikavishona upya. Niliyaosha makoa moja moja. Gololi zilikuwa mbili, zile za kioo zinazotoka katika shingo za chupa za soda, zawadi ya baba kutoka Chake. Nikazisugua kwa jivu mpaka ukizishika unaona kidole chako upande wa pili. Pia niliisokotea uzi mpya. Ile misumari niliifunga katika kipande cha nguo ili isimchome mtu hata akitia mkono bila ya kutazama. Mdogo wangu alifurahi sana, akadhani Idi inarudi, na kila jioni tukapanga upya kile ambacho tayari kilikuwa kimepangwa.

Alhamisi nikafua kanzu zake mbili na kofia. Nilipozikunja nikaona zinaenea ndani ya jamanda, chini ya vikoba, kwa hiyo nikazitia humo. Nilitaka shangazi akifunua aone si vichezeo tu vilivyo safi, hata nguo. Nilikuwa na ganzi yangu ile ile, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kidogo kinatembea, na nadhani kilikuwa furaha.

Ijumaa asubuhi baba alikwenda shamba mapema, akarudi na mkungu wa ndizi na samaki wawili. Si kawaida yake kununua samaki siku ya Ijumaa kabla ya sala. Akaniambia, "Pika vizuri, na nazi usiibane. Shangazi yako atakula hapa leo." Kisha akatoka tena kwenda kukata kuni.

Nilipika. Nikafagia ukumbi na uwanja, nikamwosha mdogo wangu. Halafu nikaliteremsha jamanda kutoka kigingini. Nilitaka shangazi alione kabla ya kitu chochote, kabla hata hajavua viatu, ili asiwe na wakati wa kutazama pembeni akaona kasoro nyingine. Kwa hiyo nikaliweka nje, barazani, upande wa kulia wa mlango. Nikalifunga kwa kipande cha kanga ya mama ili mfuniko usianguke. Lilipendeza.

Baba alirudi na mzigo wa kuni. Alifika uwanjani akasimama na mzigo wake begani. Alitazama lile jamanda muda mrefu. Mimi nilisimama mlangoni nikingoja sifa, maana alikuwa mtu wa kusifu kidogo na kila sifa yake ilikuwa na uzito.

"Ni weye uliyeliweka hapa?" akaniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Nguo zake zimo?"

"Zimo. Nimezifua jana."

Alitua mzigo. Aliondoa vumbi la gome begani, taratibu.

"Kwa hiari yako, mwanangu? Hakukwambia mtu?"

"Kwa hiari yangu," nikamwambia, na nilisema kwa kiburi. "Hakunambia mtu."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali. Akaingia ndani akaoga. Alipotoka akapita jikoni, akafunua chungu, akakifunika tena, akaniambia, "Chakula hiki tutakula wenyewe." Sikumuelewa. Nilidhani pengine shangazi ametuma habari kwamba hatokaa sana. Baba akaenda msikitini.

Shangazi alifika watu wakitoka sala, na baba akaja nyuma yake. Alikuwa anatembea kwa kuchechemea kidogo, mguu ulikuwa haujapona. Alipoliona jamanda alisimama, akajifunika uso kwa kanga yake, na mabega yakamtikisika. Nikastaajabu kwamba usafi unaweza kumliza mtu mzima. Kisha akasogea, akaweka mikono juu ya mfuniko, akasema Bismillahi, akalinyanyua akalitia kichwani.

"Shangazi, fungua kwanza utizame," nikamwambia. "Nimevipanga vyote. Hakuna kinachochoma."

"Najua, mwanangu," akasema, na machozi yanamtoka. "Najua umepanga. Mungu akulipe, akulipe, akulipe."

Akamshika mdogo wangu mkono. Mtoto akafuata, anapenda kutembea, na alivaa kofia yake nyingine. Akageuka akamuuliza baba, "Dada haji?" Baba akamwambia, "Atakuja." Wakaenda. Ilikuwa mchana mweupe, watu wanapita, majirani wanasalimiana na shangazi na wanaliona jamanda kichwani kwake na wanasema Mashaallah.

Nilikuwa bado nimesimama mlangoni walipopita kisimani. Ndipo nilipoelewa kwamba hawazunguki tu kijijini, wanakwenda pwani kuvuka. Nani alinambia? Hakuna. Nililiona tu jamanda, limenyooka juu ya kichwa cha shangazi, na mkono mdogo umenyanyuliwa juu kumfikia mkono wake. Nilitaka kukimbia. Nilitaka kupiga ukelele nikamtazama baba, na baba alikuwa ananitazama mimi, si wao, na uso wake ulikuwa wa upole sana. Nikafikiri: kumbe ndivyo alivyotaka. Kumbe alikuwa ananiuliza ili ajue kama nimeshatayarisha.

"Njoo tule," akasema.

Sikulia. Najua watu hupenda kusikia kwamba nililia. Nilipakua ndizi na samaki, nikala, na nakumbuka kwamba nilishiba.

Kesho yake jirani mmoja mwanamke alikuja kunipa pole na hongera kwa pamoja. Alisema nimefanya jambo la kikubwa kumfungia mtoto vitu kwa mkono wangu, wasichana wengi wangeng'ang'ania. Ndiye aliyenieleza ile ada ya barazani, huku akidhani ananikumbusha. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia ahsante. Alipoondoka nilikaa ukumbini mpaka alasiri ikaja ikapita, na hapakuwa na kitu cha kurudisha mahali pake.

Mtu ataniuliza kwa nini sikwenda kwa baba nikamwambia nimekosea. Maji yakimwagika hayazoleki, na mtoto aliyechukuliwa kwa Bismillahi harejeshwi kwa samahani. Shangazi angeaibika mbele ya kisiwa kizima. Lakini sababu ya kweli si hiyo. Sababu ni kwamba nilikuwa na hasira. Baba aliliona jamanda, akajua maana yake, akaniacha. Nilimkasirikia zaidi ya miaka kumi, na nilimkasirikia kwa adabu: shikamoo asubuhi, maji ya kuoga jioni, chakula kwa wakati. Hapana mtu aliyeweza kunishika kosa. Yeye naye alinistahi sana katika miaka ile, akawa hata maji nikikawia kuchota anakwenda mwenyewe. Niliona ni dhamiri inamsuta.

Mdogo wangu alikuja kila Idi. Mara ya kwanza alinishika nguo siku nzima. Mara ya pili alinishika asubuhi tu. Mara ya tatu alimwita shangazi mama, nami alinipa shikamoo kama anavyowapa wanawake wengine wa kijijini, na akanambia kwa sauti ya kawaida, si ya kulaumu, "Dada, si ndiwe uliyenifungia vitu vyangu?" Nikamwambia ndimi. Alikuwa ametiwa chuoni na alisoma vizuri. Alinenepa. Shangazi alimlea kama mboni ya jicho lake, na ningependa kusema vinginevyo lakini sina.

Niliolewa nikapelekwa Tibirinzi, nikazaa. Vichezeo vya watoto wangu niliviweka katika debe moja, vyote pamoja, vinavyochoma na vinavyovunjika na vinavyobingirika. Mume wangu alikuwa mtu wa taratibu, akanilalamikia mara nyingi kwamba watoto wanakatika vidole wakipekua. Nilimwambia watoto wanajifunza. Kweli ni kwamba kushika vitu vile mmoja mmoja nikivitazama kulinichosha kuliko kutwanga.

Miaka ya vita, wakati nguo zilipokuwa haba na mchele wa shida, baba akaugua. Nikapanda lori kurudi Kengeja kumuuguza. Alikuwa amebaki mifupa. Nilimkorogea uji, nikamlisha, na alasiri nikamtoa barazani apate upepo. Siku moja, kijiko kikiwa mkononi mwangu, akanambia ghafla:

"Nilikuwa nshaamua kutomtoa."

Nikamuuliza anamsema nani, ingawa nilijua.

"Mwanangu. Siku ile nilinunua samaki. Nilisema dada yangu atakula, atakwenda zake, na atanisamehe. Halafu nikarudi na kuni nikaona umemfungia vitu vyake, na nguo umezifua. Nikajisemea: mtoto huyu kachoka. Miaka yote hii hajalia, hajalalamika, leo kasema. Nani mimi wa kumwambia asichoke? Nikakuuliza kama ni kwa hiari yako."

Nilikiweka kijiko ndani ya bakuli.

"Sikuchoka, baba," nikamwambia. "Nilitaka shangazi aone nyumba ni safi. Sikujua ada."

Alinitazama. Mdomo wake ulikuwa na uji, nikamfuta. Nilihisi ile hasira ya miaka kumi na zaidi inaondoka, na mahali pake hapakuja chochote. Mwisho akasema, "Mdogo wako usimwambie. Kule anajua alitakiwa. Ukimwambia, atajua alipotea kwa makosa." Nikamwahidi. Wakati ule ilikuwa rahisi kuahidi, kwa sababu mgonjwa ukimkatalia huku unamlisha uji unaona haya.

Alifariki baada ya mwezi. Mdogo wangu alivuka kutoka Kisiwa Panza pamoja na wanaume wa huko. Alikuwa kijana wa ndevu za kwanza, mrefu kuliko baba alivyokuwa. Aliingia kaburini kumpokea baba kwa mikono yake. Siku ya hitima, watu walipokuwa wanasoma ndani, akaja kukaa nami jikoni uani, kitu ambacho wanaume hawafanyi. Alichukua kijiti akawa anachora chini.

"Dada," akasema, "kuna neno nataka kukwambia tangu zamani. Mie siku ile sikukukasirikia. Na wala leo sikukasirikii. Ulikuwa mtoto, ungeniwezea wapi? Nshakusamehe, wallahi, tangu hapo."

Alikuwa ananitazama usoni, amefurahi kwamba amelitoa. Neno la kweli lilikuwa hapa, kooni. Nililihisi, na liliuma, na hilo ndilo jambo la kwanza lililoniuma sawasawa tangu mama afariki. Ndani watu walikuwa wamefika Yasini, na wali ulikuwa tayari.

"Ahsante, mdogo wangu," nikamwambia, nikachukua upawa nikaanza kuwapakulia watu.